Watafiti wachanga tunoane wenyewe kwa wenyewe: kundi la watu watano, ndani asiwemo mwenye saini

Kalamu_ya_Risasi (mleta uzi)

Wakuu, heshima kwenu. Uzi huu ni wa wahadhiri wasaidizi, wanafunzi wa PhD, watafiti wa mikataba ya mwaka mmoja mmoja kwenye miradi, na yeyote aliyemaliza uzamivu juzi na bado hajui ashike wapi. Wakubwa zetu mnakaribishwa kusoma, ila mtasemwa kidogo.

Vyuo vingi sasa vina semina za watafiti chipukizi. Mnakaa ukumbini, profesa anapitisha slaidi za namna ya kuandika andiko la kuomba fedha, mnakula, mnapiga picha ya pamoja, mnapewa cheti. Sina ugomvi na semina. Shida ni kwamba ukitoka pale unalikuta lile lile lililokukwamisha linakusubiri: makala imerudi na maoni ya wahakiki wawili wanaopingana, mkuu wa idara kakupangia kozi tatu muhula huu, msimamizi yuko safarini. Hayo hayamo kwenye slaidi. Na ukitaka kuyasema, watu walio karibu ni wale wale wanaosaini. Huyu anasaini ripoti yako ya maendeleo, yule anasaini ruhusa ya masomo, mwingine anakaa kwenye kamati ya kupandisha vyeo. Nani atamfuata mtu wa namna hiyo amwambie, "Profesa, hii takwimu ninayoitumia tangu mwaka juzi siielewi vizuri"?

Halafu tukumbuke tumepatikanaje. Kwa Tanzania mlango wa kuajiriwa kufundisha chuo kikuu ni GPA ya 3.8 kwa shahada ya kwanza. Hawa ni watu waliozoea kushika namba moja tangu shule ya msingi. Kumtaka mtu huyo aseme amekwama ni sawa na kumwambia avue shati sokoni.

Hoja yangu ni hii. Kundi dogo la watu wa ngazi moja, ambalo ndani yake hakuna hata mmoja mwenye saini juu ya mwenzake, linafanya kazi ambayo hata msimamizi mzuri kupindukia hawezi kuifanya. Hawamzidi akili. Ila mbele yao unaweza kusema hujui, na kesho yake maisha yakaendelea.

Jambo lenyewe si geni. Aliyelipa umbo ni Mwingereza Reg Revans, mwanafizikia aliyepitia maabara ya Cavendish pale Cambridge. Miaka ya 1940 alishughulikia elimu katika sekta ya makaa ya mawe Uingereza, na badala ya kuwaletea mameneja wa migodi wataalamu wa kuwahutubia, aliwakalisha wao kwa wao, kila mmoja na tatizo halisi la mgodi wake. Kanuni yake ilikuwa fupi: kujifunza ni maarifa yaliyokwisha kupangwa, ujumlishe na kuuliza maswali. Semina za chuo zinatupa lile fungu la kwanza. La pili hatupewi na mtu.

Sisi tunaendesha hivi. Watu watano, wakizidi sana sita. Kila kikao kina mwenye kesi mmoja, yaani aliyeleta jambo lililomkwamisha, mara chache wawili, na kuna mtu mmoja wa kushika saa. Mwenye kesi anaeleza kama dakika kumi bila kukatizwa, anamalizia na swali moja analotaka lishughulikiwe. Baada ya hapo wengine wanauliza, na hapa ndipo makundi mengi yanapoharibika, kwa hiyo naomba mnielewe. Swali la kweli ni lile ambalo wewe muulizaji hulijui jibu lake. "Kwa nini usimwandikie mhariri?" ni ushauri uliowekewa alama ya kuuliza. "Barua ya mhariri ulipoisoma mara ya pili uliona nini ambacho hukukiona mara ya kwanza?" Hilo ndilo swali. Ushauri unaruhusiwa dakika za mwisho tu, tena mwenye kesi akiutaka. Akimaliza anataja hatua moja atakayoifanya, inaandikwa, na kikao kijacho kinaanzia hapo hapo.

Yaliyosemwa ndani yanabaki ndani. Na mwenye saini haingii, wala mke wa mwenye saini, wala mume wake.

Karibuni mchangie.

Bwana_Ukaguzi

Mkuu, hii ni kipofu kumshika mkono kipofu. Mtu ambaye hajawahi kupata ruzuku anamuuliza nani? Ambaye naye hajawahi kupata ruzuku. Mtakaa pale mnapeana moyo, mnakunywa chai, mwaka unaisha. Zamani sisi tulijifunza kwa kukaa chini ya wakubwa, tukabeba mikoba yao, tukasoma rasimu zao. Hamtaki kubeba mikoba.

Kalamu_ya_Risasi

Mkuu Ukaguzi, shikamoo kama ni mzee wangu. Nusu ya usemayo nakubali. Jambo la maarifa lina wenyewe. Takwimu kamuulize mtakwimu. Kibali cha utafiti kiulizie NIMR (taasisi ya taifa ya utafiti wa magonjwa ya binadamu) au COSTECH (tume ya sayansi na teknolojia), na walio Kenya waulizie NACOSTI, tume yao ya sayansi. Uandishi wa makala una watu wake pia: AuthorAID, mpango wa shirika la INASP la Uingereza ulioanza 2007, unakuunganisha na mtafiti mzoefu akakulea kwa mbali, na hulipi kitu. Kundi halishindani na hao.

Ila niulize. Mtu anaposhindwa kuamua kama akubali cheo cha mratibu wa kozi au amalize kwanza tasnifu, hapo kinachokosekana ni maarifa? Anapokaa miezi na maoni ya wahakiki bila kuyagusa, hajui Kiingereza? Anajua kila kitu. Amekwama tu, na hakuna anayemuuliza vizuri. Mikoba tutabeba, lakini ukibeba mkoba wa mtu humwambii umekwama.

Thika_Road_PhD

Wakuu, salamu kutoka Nairobi. Mimi nafundisha kwa saa, hapa tunaitwa "part-time", na mwenye saini kwangu ni mtu wa kulipa madai ambayo hayalipwi. Hilo ni la siku nyingine.

Ninalotaka kusema, makundi ya WhatsApp ya watafiti tunayo mpaka simu inajaa. Mtu anaweka tangazo la skolashipu, watu mia wanaandika "asante kwa kushea", mmoja anatuma picha ya maua ya Jumapili njema. Limeisha. Nilijaribu kuanzisha la kunoana, likaanza na moto, baadaye tukabaki watu wawili tunaoulizana "leo kuna kikao?" Hebu tuambie, lenu halifi kwa nini?

Kalamu_ya_Risasi

Linakufa pia, bro. Tofauti ni kwamba tulikubaliana tangu mwanzo lina mwisho: muhula mmoja, basi. Muhula ukiisha kila mtu anaulizwa kama anaendelea, na kusema hapana si kosa. Ukimwambia mtu "tuwe tunakutana," anakubali kwa adabu halafu anapotea. Mwambie "Jumatano saa kumi na moja jioni, hadi wiki ya mitihani", atakuambia ukweli papo hapo kama anaweza.

La pili, asiye na kesi wiki hiyo ndiye kikao kinamhitaji zaidi, maana kichwa chake kimetulia. Hatukubali udhuru wa "leo sina cha kusema".

Muda ni kweli hatupewi. Uingereza wana makubaliano ya kitaifa ya kuwaendeleza watafiti, toleo la 2019, yanayotaka mtafiti apate angalau siku 10 kwa mwaka za kujiendeleza kitaaluma. Kwetu ukiomba siku moja utaambiwa kuna mitihani ya kusahihisha.

Mswahili_wa_Bayreuth

Hamjambo nyote. Niko Ujerumani kwa uzamivu. Huku jambo hili wanalo na lina jina lake, kollegiale Beratung, yaani wenzi wa kazi kushauriana, walimu na wafanyakazi wa ustawi wa jamii wanalitumia, na kwenye programu za wanafunzi wa uzamivu nalo lipo. Utaratibu unafanana na wa mleta uzi, ila kuna kipengele kimoja ambacho mwanzoni kilinishinda. Baada ya maswali, mwenye kesi ananyamaza kabisa, na wengine wanaijadili kesi yake kana kwamba hayupo chumbani. Haruhusiwi kujitetea. Anaandika tu.

Mara ya kwanza niliwasikia watu wanajadili uhusiano wangu na msimamizi wangu mbele yangu, nikajisikia maiti inayooshwa ikiwa bado hai. Nilikuwa na majibu kumi tayari mdomoni. Baadaye nikaona faida yake. Majibu yote kumi yalikuwa ya kumtetea msimamizi, na hakuna aliyemshitaki.

Jingine, kundi letu halina watu wawili wa fani moja. Mmoja ni wa jiokemia, mmoja sheria, mmoja isimu kama mimi. Mkiwa wa fani moja mtaanza kubishana kuhusu nadharia, saa inaisha, kesi haijaguswa.

Mama_Maabara

Nimesoma kimya kimya, sasa naomba niseme.

Hiyo saa kumi na moja jioni ya Jumatano, kaka Kalamu, ni saa ya nani? Mimi saa hiyo natoka maabara, napitia mtoto, nafika nyumbani, napika. Kundi langu la kwanza lilikuwa la saa mbili usiku kwa Zoom. Nilikuwa nazima kamera, kwa hiyo nikaonekana sishiriki.

Na kuna hili la maswali. Swali linaweza kuwa la kweli kabisa kwa sheria zenu na bado likaudhi. Kila nilipotaja kwamba nimeshindwa kwenda uwandani, swali lililofuata lilikuwa, "Mumeo anasemaje?" Hakuna mwanamume aliyeulizwa mkewe anasemaje. Nikatoka. Sasa niko kundi la wanawake watupu, tunakutana Jumamosi saa nne asubuhi, watoto wanacheza chumba cha pili, na mtu akinyonyesha kikao kinaendelea.

Wadada mnaosoma na mko kwenye kilimo au sayansi zake, ulizeni kuhusu AWARD, mpango wa kuwaendeleza wanawake watafiti wa kilimo Afrika, makao yao Nairobi, walianza 2008. Mtindo wao nimeupenda kwa sababu mwanamke aliyechaguliwa anapewa mlezi mkubwa, na yeye mwenyewe naye anamlea mdogo. Hukai chini tu siku zote.

La mwisho, usiri. Tulishawahi kuwa na mtu aliyekuwa mwema sana, hana saini yoyote, ila anakula chakula cha mchana na mwenye saini. Lililosemwa Jumatatu lilifika ofisi ya mkuu Alhamisi. Kwa hiyo, kaka, sheria yako ya mke na mume ongeza na wa chakula cha mchana.

Kalamu_ya_Risasi

Dada, hilo la saa limenifika. Hatukuwahi kuwauliza walioacha kuja waliacha kwa nini. Nalipeleka kikao kijacho, na la chakula cha mchana nalo.

Mdau_wa_Kundi_Rika

Naongeza kwa ufupi. CARTA inajulikana kwa wengi humu, ule muungano wa vyuo vikuu na taasisi za utafiti Afrika ulioanzishwa 2008 na kuongozwa na APHRC, kituo cha utafiti wa idadi ya watu na afya cha Nairobi, na Chuo Kikuu cha Witwatersrand. Wanachukua wahadhiri wanaosoma uzamivu kwa makundi na kuwakutanisha kwenye semina nne za pamoja, kuanzia hatua ya pendekezo hadi karibu na kumaliza. Watu wakisimulia wanataja wakufunzi na ufadhili. Mimi ninachokiona kwa wenzangu waliopita huko ni kwamba miaka baadaye bado wanapigiana simu wao kwa wao. Mtu wa Chuo Kikuu cha Ibadan, Nigeria, anamuuliza wa Chuo Kikuu cha Moi, Kenya. Fedha ziliisha, kundi likabaki. Sasa sisi tusio na ufadhili tunashindwa nini kuanza na hilo kundi?

Bwana_Ukaguzi

Ngojeni niseme ukweli. Mimi ni mhadhiri mwandamizi, nina wanafunzi wa uzamivu saba, na nasaini. Dada wa maabara amenigusa. Nimejiuliza ni nani kati ya hao saba amewahi kuniambia haelewi kitu. Hakuna. Nilidhani wote wanaelewa.

Na sisi wenye saini tuende wapi? Nina makala zimekataliwa mezani kwa mhariri hata kabla ya kufika kwa wahakiki, siwezi kumwambia mtu idarani.

Kalamu_ya_Risasi

Undeni lenu, mzee wangu. Sheria ni ile ile, wa ngazi moja na wasiosainiana. Tafuta wenzako wa vyuo vingine.

Mwaka_wa_Nne

Wakuu, naomba kuleta kesi hapa hapa kama inawezekana.

Niko mwaka wa nne wa PhD, chuo cha umma, sikitaji. Sura mbili ziko kwa msimamizi mkuu tangu muhula uliopita. Nikikutana naye koridoni ananiambia, "Nitaziangalia, tuliza moyo." Ninaye msimamizi wa pili, kijana kidogo, yuko tayari kusoma, lakini nikimpelekea yeye kwanza itaonekana nimemruka mzee. Ruhusa yangu ya masomo inaisha mwaka huu, na nikirudi kufundisha ndiyo basi tena. Swali langu: nimfanyeje mzee asome bila kumvunjia heshima?

Thika_Road_PhD

Badilisha msimamizi! Nenda kurugenzi ya uzamili na ushahidi wa barua pepe zote, waone.

Kalamu_ya_Risasi

Thika, huo ni ushauri na muda wake haujafika. Maswali tu, wakuu. Mzee Ukaguzi, wewe pia uliza. Humjui na hakujui, hapa huna saini juu yake.

Mswahili_wa_Bayreuth

Ulipozituma hizo sura uliandika nini kwenye barua pepe?

Mwaka_wa_Nne

"Shikamoo Profesa. Naambatanisha sura ya pili na ya tatu kwa maoni yako." Basi.

Mama_Maabara

Zina kurasa ngapi?

Mwaka_wa_Nne

Zote pamoja zinapita mia.

Bwana_Ukaguzi

Katika kurasa hizo mia, ni wapi hasa huwezi kusogea bila neno lake?

Mwaka_wa_Nne

Hmm. Kusema kweli ni kurasa kama tatu, sehemu ya sampuli. Nilipofika uwandani wilaya moja iliyokuwa kwenye pendekezo ilishindikana, barabara ilikatika na mvua, nikachukua wilaya jirani. Sijui kama utetezi wangu unasimama. Zilizobaki naweza kuendelea nazo mwenyewe.

Mama_Maabara

Kibali chako cha maadili kinataja wilaya ipi?

Mwaka_wa_Nne

Ile ya mwanzo.

Duh.

Kalamu_ya_Risasi

Msimamizi wa pili aliteuliwa na nani?

Mwaka_wa_Nne

Na chuo. Barua ya uteuzi ina majina yao wote wawili. Na fomu ya maendeleo ya kila muhula ina sehemu ya saini ya kila mmoja wao. Ya muhula huu sijaipeleka.

Kalamu_ya_Risasi

Maswali yamesimama. Unataka ushauri au unatosheka?

Mwaka_wa_Nne

Nataka wa watu wawili: dada wa maabara na mzee mwenye saini.

Mama_Maabara

Kibali ndicho cha kwanza, kabla ya sura yoyote. Kubadilisha eneo la utafiti kunaombewa idhini kwa kamati ile ile iliyokupa kibali. Kwa kuwa data umeshakusanya, waeleze wazi kilichotokea, lini na kwa nini, uambatanishe barua ya ruhusa ya wilaya mpya kama uliichukua. Usisubiri waje kukuuliza siku ya utetezi. Na majarida mengi yatakutaka namba ya kibali, kwa hiyo hata makala zako zinategemea hili.

Bwana_Ukaguzi

Kijana, nikuambie siri ya upande wetu. Kurasa mia zenye neno "maoni" nazihifadhi za siku nitakapokuwa na nafasi, na siku hiyo haifiki. Kurasa tatu zenye swali moja nazisoma nikiwa nasubiri ndege. Mwandikie hizo tatu. Mweke mwenzake kwenye barua hiyo hiyo, na sababu unayo: fomu inawahitaji wote wawili. Hapo humruki mtu, unafuata utaratibu wa chuo. Na suala la kibali mweleze yeye kabla ya kamati, maana jina lake lipo pale na hatapenda kulisikia kwa mwingine.

Thika_Road_PhD

Kumbe mngeniacha angekuwa ameshafika kurugenzi 😂

Mwaka_wa_Nne

Hatua yangu: barua pepe leo usiku kwa wote wawili, na kabla ya Ijumaa nimwone mzee ana kwa ana kuhusu kibali, kisha niende kwa katibu wa kamati ya maadili. Rasimu hii hapa, mnisomee:

"Shikamoo Profesa, na salamu kwako Daktari. Samahani sana kwa usumbufu, najua mmebanwa na majukumu mengi. Naambatanisha kurasa tatu za sehemu ya sampuli. Wilaya moja niliibadilisha nikiwa uwandani kwa sababu zilizoelezwa ukurasa wa pili. Naomba kujua: je, utetezi huu unatosha, au niongeze ulinganisho wa wilaya hizo mbili? Pia naambatanisha fomu ya maendeleo ya muhula kwa saini zenu. Naomba nafasi ya kukuona, Profesa, kabla ya Ijumaa kuhusu kibali cha maadili."

Mama_Maabara

Iko vizuri. Hiyo sentensi ya "samahani sana kwa usumbufu" inafanya nini hapo?

Mwaka_wa_Nne

Nimeifuta. Shikamoo nimeiacha.

Bwana_Ukaguzi

Marahaba. Tuma.